Somo: Jinsi ya kupata cheti cha NDT, leveli ya 1 na ya 2

Wakuu, tangu kazi za bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani zianze, vijana wengi wamekimbilia NDT, yaani kukagua chuma na mishono ya weldi bila kuikata. Wengi wanarudi na karatasi ya kuhudhuria kozi wakidhani ndiyo cheti. Siyo.

1. Chagua mfumo. Kwa SNT-TC-1A ya Marekani, mwajiri ndiye anayewajibika kwa mafunzo, mtihani na cheti, kwa utaratibu alioandika mwenyewe. Kwa ISO 9712, anayekutahini na kukupa cheti ni chombo huru. Kama unajilipia, nenda ISO 9712, usibabaike; hatua zinazofuata ni za huko.

2. Pima macho kabla hujalipa ada. Usome maandishi ya Jaeger namba 1 (herufi ndogo za kupimia macho) kwa umbali usiopungua sentimita 30, na utofautishe rangi. Miwani ruksa.

3. Darasa. Penetranti (kimiminika cha kuonyesha nyufa za juu) ni saa 16 kwa leveli ya 1 na 24 kwa leveli ya 2. Mawimbi ya sauti (UT) ni 40 na 80. Ukitaka kuruka moja kwa moja hadi leveli ya 2 unazijumlisha, kwa hiyo UT ni saa 120. Anayekuahidi leveli ya 2 ya UT kwa siku tano, mkimbie.

4. Uzoefu. Hapa ndipo watu wanapokwama. Fungua daftari: tarehe, kazi, njia ya ukaguzi, kifaa, sahihi ya msimamizi. Sahihi ichukue siku hiyohiyo, maana mradi ukiisha msimamizi keshapanda ndege.

5. Mtihani. Kuna wa jumla, wa sekta (aina ya kazi unayokagua) na wa vitendo. Kila mmoja unataka angalau asilimia 70, huwezi kufidia huu kwa ule. Wa vitendo ndio unaoangusha. Kwenye UT anza na kitalu cha V1, kipande cha chuma cha kusawazishia kifaa: weka probu ya pembe (kichwa kinachotuma sauti kwa mshazari), isogeze mbele na nyuma taratibu hadi mwangwi wa tao lenye nusu kipenyo cha milimita 100 ufike kilele, kisha weka alama ubavuni mwa probu mahali sauti inapotokea. Halafu hakiki pembe. Probu iliyoandikwa nyuzi 60 inaweza kukupa 58 kwa sababu soli yake ya plastiki imelika. Ukiamini maandishi badala ya kitalu, kila ufa utauchora mahali ambapo haupo, na msahihishaji ana ramani ya kasoro zote za kipande cha mtihani.

Cheti kinadumu miaka 5, kisha unahuisha. Mwaka wa 10 unarudi kwenye chumba cha mtihani.

MASWALI

*Shukrani mkuu. Mimi ni mchomeleaji, nimeishia kidato cha nne. Naruhusiwa?*
Ndiyo, leveli ya 1 na ya 2 hazidai shahada. Ila fufua hesabu za sine na kosine, UT ya pembe haiendi bila hizo. Na kazi yako inakupa faida: unajua mchomeleaji anakosea wapi.

*Leveli ya 1 naweza kusaini kwamba weldi imepita?*
Hapana, kaka. Unapima, unarekodi na kupanga matokeo kwa vigezo ulivyoandikiwa, chini ya usimamizi. Kutafsiri matokeo ni kazi ya leveli ya 2.

*Na eksirei? Nasikia inalipa zaidi.*
Inahitaji pia mafunzo ya usalama wa mionzi, na kampuni iwe na leseni ya mamlaka ya mionzi: Tanzania ni TAEC, Kenya ni KNRA. Cheti cha NDT peke yake hakikupi ruhusa ya kugusa chanzo cha mionzi cha iridiamu-192.

*Nina SNT-TC-1A ya kampuni, naacha kazi mwezi ujao. Kitafaa?*
Hakihami nawe, dada. Omba sasa nakala za saa za mafunzo, alama za mitihani na rekodi za uzoefu, zikiwa na sahihi. Mwajiri mpya anaweza kuzitumia akupe cheti chake bila kukuanzisha upya. Ukisubiri hadi baada ya kuondoka, utazungushwa.