Somo: Jinsi ya kumtazama adui anayerudi kwenye filamu za samurai

Wakuu, wengi wetu tukitazama sehemu ya pili ya filamu ya samurai tunasubiri panga zitoke, na adui aliyerudi tunampita hivihivi. Huyo ndiye anayeibeba picha. Steringi tunajua hafi, kwa hiyo kazi ngumu ya mwongozaji ni kutufanya tumwogope tena mtu ambaye tulishamwona akishindwa. Wajapani wamelitatua jambo hili kwa njia mbili: kurudisha sura ileile ndani ya mtu mwingine, au kurudisha mtu yuleyule kwa sura nyingine. Tuzipitie zote.

Hatua ya 1: Anza na Yojimbo ya mwongozaji Akira Kurosawa, ya mwaka 1961. Toshiro Mifune ni ronini, yaani samurai asiye na bwana, anayeingia kwenye mji wenye magenge mawili na kuyagonganisha. Wewe mkazie macho Unosuke, anayechezwa na Tatsuya Nakadai. Anachelewa kutokea, na akitokea ana skafu shingoni na bastola ndani ya kimono, huku wenzake wote wakitegemea panga. Mwishoni Mifune anamrushia kisu mkononi, na Unosuke akiwa anakata roho bado anaomba ashike bastola yake. Nguvu zake zote zilikuwa kwenye kile chuma.

Hatua ya 2: Bila kukaa sana, weka Sanjuro, iliyotoka Januari 1962. Mifune ni ronini yuleyule, safari hii anawasaidia vijana tisa wanaopambana na ufisadi ndani ya ukoo wao. Nakadai naye amerudi, lakini ni mtu mwingine kabisa: Muroto Hanbei, mkono wa kulia wa ofisa mla rushwa. Unosuke alikufa, na hakuna anayemtaja. Ila wewe mtazamaji unaikumbuka ile sura, na hofu yako inaanza kabla Muroto hajafanya lolote. Kisha unagundua kwamba huyu hana bastola. Ana upanga tu, na anaujua kama Mifune anavyoujua. Kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kabisa katika picha zote mbili.

Hatua ya 3: Usiruke mazungumzo. Muroto anampenda ronini, anataka wafanye kazi pamoja, kwa sababu anamwona ni mtu wa aina yake. Na kuna mama mmoja mpole, mke wa mzee wa ukoo, anayemwambia ronini kwamba yeye ni kama upanga uliochomolewa, na panga nzuri hukaa kwenye ala zake. Ukilikosa neno hilo, mwisho utauona kama damu tu.

Hatua ya 4: Pambano la mwisho. Muroto amedanganywa na kuaibishwa, anadai wamalizane. Ronini hataki. Wanasimama karibu mno, kimya, muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Pigo ni moja tu, na damu inaruka kama bomba limepasuka. Vijana wanasifu, na ronini anawakaripia kwa hasira: aliyelala pale alikuwa mtu kama yeye. Rudisha nyuma utazame uso wa Mifune, maana hana furaha hata kidogo.

Hatua ya 5: Sasa geukia njia ya pili, Lone Wolf and Cub, filamu sita za mwaka 1972 hadi 1974. Ogami Itto, mkata vichwa wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, anasingiziwa na ukoo wa Yagyu, mkewe anauawa, naye anatembea na mwanawe Daigoro kwenye kigari cha mbao kilichofichwa silaha. Adui ni mzee Yagyu Retsudo, na kwenye mfululizo huu waigizaji wanaomcheza wanabadilika. Kinachombeba ni deni: kila anayemtuma kumuua Itto anakufa, na baadhi ni watoto wake wa kumzaa. Kwa hiyo kila akirudi ana sababu nzito zaidi ya kuchukia.

MASWALI

Swali: Mkuu, naweza kuanza na Sanjuro moja kwa moja?
Jibu: Hadithi utaielewa, maana inajitegemea. Utakachopoteza ni ile hofu ya hatua ya 2.

Swali: Hizi za Kurosawa ni za rangi? Wanangu hawataki picha za kizamani.
Jibu: Zote mbili ni nyeusi na nyeupe, dada. Sanjuro ina vichekesho vingi, na watoto wakubwa wataipenda. Lone Wolf and Cub ni ya rangi, lakini ina viungo vinavyokatwa na utupu, kwa hiyo subiri walale.

Swali: Huyu anayecheza Itto nimemfananisha na Zatoichi, yule kipofu mpiga panga wa kwenye filamu. Ndiye?
Jibu: Umeona vizuri, kaka. Ni ndugu wa damu. Itto ni Tomisaburo Wakayama, na Zatoichi ni mdogo wake, Shintaro Katsu, ambaye pia alishiriki kuzitayarisha filamu hizi.

Swali: Retsudo anakufa au hafi? Nimefika ya tano.
Jibu: Kama hutaki kujua, ishia hapa. Filamu ya sita inaishia kwenye theluji, na mzee anatoroka akiwa hai. Pambano lao la mwisho liko kwenye kitabu cha katuni cha Kazuo Koike na Goseki Kojima, kilichokamilika mwaka 1976.