Somo: Kutunza mwili ukiwa dereva wa masafa marefu (soma hadi chini ndipo uulize)

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache napata ujumbe ule ule: tumbo linaongezeka, mgongo unauma, nashinda kwenye usukani, nifanyeje? Najibu, kesho yake anakuja mwingine na swali hilo hilo. Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza ondoa kichwani habari ya "nikipata muda". Muda huo haupo. Dereva anayesema ataanza mazoezi akifika nyumbani, akifika nyumbani analala, na ana haki ya kulala. Mazoezi yafunge kwenye mambo ambayo utayafanya hata ukiwa hoi: kukagua gari, kujaza mafuta, kusubiri zamu ya kushusha mzigo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani kasi ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, pamoja na siku 2 za kutumia misuli. Ukigawa 150 kwa siku 7 unapata kama dakika 22. Dakika 22 kwenye siku ya dereva zipo, ila zinaliwa na simu.

Vifaa: raba, mpira wa kuvuta wa mazoezi, chupa ya maji, kipande cha kamba. Basi.

Hatua ya 1: Kiti. Kisogeze hadi ukanyage klachi mpaka mwisho bila kalio kunyanyuka, mgongo ukiwa bado umegusa egemeo. Na hiyo pochi mfuko wa nyuma itoe. Ukiikalia safari nzima, nyonga inakaa upande na neva kubwa inayoshuka mguuni inabanwa.

Hatua ya 2: Kushuka garini. Hapa tulia, maana hii ndiyo iliyonilaza. Nilikuwa na haraka, nikaruka kutoka ngazi ya juu, nikaenda moja kwa moja kuvuta turubai. Kiuno kikakata pale pale. Sababu yake ni hii: ukikaa saa nyingi mgongo umepinda kidogo, mishipa na kano zinazoshikilia uti wa mgongo zinalegea, na hazirudi kwenye hali yake sekunde unayosimama. Ukiruka, magoti na kiuno vinapokea uzito uliozidi wa mwili wako mara kadhaa. Ukiinama na kunyanyua kitu papo hapo, umemaliza kazi. Kwa hiyo shuka ukiwa umeelekeza uso kwenye gari, kama unavyoshuka ngazi ya paa, viungo 3 kati ya 4 vikiwa vimeshika muda wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Ukishafika chini tembea dakika 3 hadi 5. Ndipo uguse turubai, mnyororo au tairi la spea.

Tahadhari za hatua hii:
- Usishuke na simu wala chupa mkononi. Itupe kwenye kiti, utaifuata.
- Usishike usukani wala mlango kama mshikio. Usukani unazunguka, mlango unasukumwa na upepo.
- Futa grisi na matope kwenye ngazi.
- Ndala ni za bafuni.
- Usiku angalia unapokanyaga kabla hujaachia mkono wa mwisho.

Hatua ya 3: Zunguka gari lako. Lori la mita 16.5 kwa 2.5, ukilizunguka kwa nafasi kidogo, ni kama mita 40. Mizunguko 25 ni kilomita moja. Huhitaji uwanja wala huhitaji kuacha mzigo peke yake, na wakati unazunguka unaona tairi linalopungua upepo na mkanda uliolegea. Zima injini, funga breki ya mkono, vaa kizibao cha reflekta. Pakiwa na malori mengine, usipite nyuma ya gari ambalo lina dereva ndani. Yeye hakuoni.

Hatua ya 4: Misuli, mara 2 au 3 kwa wiki. Pushapu ukiwa umeegemea ngazi ya chini ya kichwa cha lori (tairi likitoka safari ni la moto, na ni chafu). Kuchuchumaa na kusimama. Kuvuta mpira ukiwa umeukanyaga. Kukaa kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, hadi uanze kutetemeka. Raundi 3, umemaliza. Mpira usiufunge kwenye kioo cha pembeni, na ukaguliwe nyufa. Ukikatika unarudi usoni.

Hatua ya 5: Chakula. Soda ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, na kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Soda moja tu, hujagusa chai. Sisemi ule majani. Beba vitu visivyoharibika haraka: mayai ya kuchemsha, matunda, karanga zisizo na chumvi. Mlo mzito uwe wa mwisho wa safari, si katikati, kwa sababu tumbo likijaa macho yanafunga.

Hatua ya 6: Maji. Mkojo uwe wa njano iliyopauka. Kutokunywa ili usisimame ni kuita mawe kwenye figo.

Hatua ya 7: Usingizi. Saa 7 angalau. Mtu asiyelala vya kutosha anakuwa na njaa zaidi na anatamani vitamu, kwa hiyo utafanya mizunguko yote hiyo na tumbo litabaki. Kahawa ikae mbali na saa ya kulala: baada ya saa 5 hivi, nusu yake bado iko mwilini. Kama unakoroma sana, au umeambiwa unakata pumzi usingizini, na mchana unasinzia hata ukiwa umelala saa za kutosha, nenda upimwe. Unene wa shingo unachangia sana.

Hatua ya 8: Pima. Presha: kaa dakika 5 kimya, usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Ukipata 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, muone daktari. Kiuno: chukua kamba, ikate sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, ikunje katikati, izungushe tumboni juu kidogo ya kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Isipokutana, kazi unayo. Mizani achana nayo, inakudanganya ukinywa maji tu.

Karibuni kwa maswali.

---

Gia ya Kumi: Mkuu, kuna dawa gani ya kupunguza tumbo haraka?

Mwandishi: Hujasoma. Anza hatua ya 1.

Gia ya Kumi: Nimesoma, ni ndefu. Nataka kujua dawa tu.

Mwandishi: Sina dawa. Mwenye dawa ya haraka usimwamini, hasa ya kunywa huku unaendesha.

Mzigo Mzito: Ndugu, sisi tunafunga minyororo, tunavuta maturubai, wengine tunashusha wenyewe. Hilo si zoezi?

Mwandishi: Linahesabika, silikatai. Ila ni dakika 15 za nguvu zinazokuja baada ya saa 5 za kukaa, na mara nyingi kwa mkono ule ule na upande ule ule. Misuli ya mgongo inavutwa ikiwa baridi. Tembea kwanza, vuta baadaye, na badilisha mkono. Zile dakika za kutembea bado unazidai.

Msomaji wa Njiani: Asante kwa somo. Swali langu: tunajuaje kuwa shida ni kukaa? Dereva ana msongo wa mawazo, halali vizuri, anakula ovyo. Huenda kiti kinasingiziwa.

Mwandishi: Swali zuri, ngoja nikae vizuri. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Ndani ya basi moja kuna watu wawili. Dereva amekaa zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Barabara moja, moshi mmoja, mwajiri mmoja. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakufa upesi kama madereva.

Lakini hoja yako ina uzito, na Morris mwenyewe aliiona. Mwaka 1956 walirudi na rekodi za sare za kazi, wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda waliingia nayo kazini. Ndiyo maana nimeweka kiti, chakula na usingizi pamoja, sikuandika "tembea" nikamaliza. Na ndiyo maana naamini kamba kuliko mizani.

Msomaji wa Njiani: Yaani walipima watu kwa suruali! Nimeelewa.

Dada wa Trela: Mimi ni dereva mwanamke. Kuzunguka gari usiku kwenye maegesho nisiyoyajua siwezi, hata kwa mizunguko 2. Nifanyeje?

Mwandishi: Usizunguke, dada, usalama kwanza. Funga milango, vuta mapazia, fanyia kitandani. Lala chali, magoti juu, nyanyua kiuno na ushushe taratibu. Kaa, miguu imenyooka, pitisha mpira kwenye nyayo, vuta viwiko nyuma hadi mabega yakutane. Simama kati ya viti kama urefu unaruhusu, panda na kushuka kwa vidole vya miguu. Dakika 12 unatoka jasho. Kutembea kuweke mchana, wakati wa kujaza mafuta au kusubiri karatasi, penye watu.

Dada wa Trela: Ubarikiwe. Naongezea kwa wenzangu: mimi chupa kubwa ya maji nimeiweka kwenye kishikio upande wa pili, lazima nisimame kuichukua. Siinywi nikiendesha, lakini kila kituo naichukua.

Mwandishi: Nimeipenda, naiiba.

Kigimbi: Mguu wangu wa kushoto umevimba tangu juzi, kigimbi kinauma na ni cha moto. Wa kulia uko sawa. Nikande na maji ya moto au nisugue na mafuta?

Mwandishi: Usikande, usisugue, usianze safari. Mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya kukaa muda mrefu inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Nenda hospitali leo, na ukihisi kifua kinabana au pumzi fupi, ni dharura, usijiendeshe.

Mjuaji: Mkuu unatisha watu. Wewe si daktari.

Mwandishi: Ndiyo maana nimemwambia aende kwa daktari. Ungekuwa umesoma sentensi yote.

Kigimbi: Nimepewa lifti, naenda sasa hivi.

Mwandishi: Vizuri. Wengine nanyi, mkiwa mmesimama foleni, sukumeni visigino juu na chini mara 20 hivi. Kigimbi ndicho kinachorudisha damu juu. Gari likitembea, miguu ibaki kwenye pedali.

Utingo Mstaafu: Nje kidogo ya mada. Usingizi wa mchana wa dakika 20, mimi nikiamka naona giza. Nafanya kosa gani?

Mwandishi: Huenda unapitiliza. Ukizama kwenye usingizi mzito halafu ukaamshwa, kichwa kinabaki kizito hata nusu saa. Kunywa kahawa yako kabla ya kujilaza; inaanza kufanya kazi wakati unaamka. Ukiamka usiwashe gari, shuka kwa utaratibu wa hatua ya 2, osha uso, zunguka mara 5.

Utingo Mstaafu: Alamu naizima nikiwa usingizini, napitiliza saa nzima.

Mwandishi: Simu iache juu ya dashibodi upande wa abiria, si chini ya mto. Ukilazimika kunyanyuka kuizima, umeshaamka.