SOMO: Kusafisha tenki la goldfishi bila kuwaua

Wakuu habari za muda. Hili somo nimeahidi siku nyingi, na limenilazimu kuliandika maana picha za samaki aliyelala ubavu juu ya maji zimezidi na maelezo ni yale yale, "jana nimemwaga maji yote nikaosha kila kitu na sabuni likang'aa, asubuhi nimekuta hivi". Sasa mkuu, umemuua kwa usafi.

Kabla ya hatua elewa kwanza tunasafisha nini. Goldfishi hana mfuko wa tumbo, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo yeye ni kula na kunya kutwa, na bado anatoa amonia kupitia matamvua. Amonia ni sumu na huioni, maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na samaki anaungua humo ndani. Kinachomwokoa ni bakteria walioota kwenye sponji la filta, kwenye kokoto na kwenye kuta, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Nitrati hiyo ndo tunayoitoa kwa kubadilisha maji. Kwa hiyo ukiosha kila kitu siku moja umefukuza wafanyakazi wote, amonia inapanda na hamna wa kuigusa. Ukipima, amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isivuke miligramu 40 kwa lita. Haya twende.

1. Vifaa. Ndoo mbili za samaki TU, ambazo hazijawahi kuona sabuni wala dawa ya kudekia, ziandike kabisa kwa maka peni maana nyumba ina watu wengi. Mpira wa kunyonyea wenye mdomo mpana, sponji jipya, kipimajoto, vipimo vya amonia, nitriti na nitrati, dawa ya kuondoa klorini na taulo kuukuu. Basi, usiuziwe vitu vingine.

2. Andaa maji mapya kwanza. Maji ya bomba yana klorini, inaua bakteria na inaunguza matamvua. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi saa 24 klorini inatoka yenyewe, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) na hiyo haitoki hata ukingoja wiki, ndo maana mie nasema weka dawa tu, soma kipimo kwenye chupa. Joto liwe karibu sawa na la tenki, likipishana nyuzi 1 au 2 sio kesi, lakini maji ya baridi kali ghafla yanampa samaki mshtuko.

3. Nawa mikono kwa maji matupu, hasa kama umepaka losheni. Chomoa filta kwenye umeme, na hita kama unayo (goldfishi wengi wako sawa kwenye nyuzi 18 hadi 22, hita sio lazima). Hita ikibaki juu ya maji inawaka, kioo chake kinapasuka. Samaki USIMTOE. Kumkimbiza na wavu kunamkwangua ule ute unaomlinda ngozi, na hakuna sababu, mwache azunguke humo humo.

4. Anza na kioo, sio kokoto, ili uchafu wa kioo uanguke chini uunyonye baadae. Sugua kwa sponji ule utando wa kijani upande wa mbele unaotazama, wa nyuma unaweza kuuacha, goldfishi wanaudonoa. Ule mstari mweupe wa chokaa juu usisugue sasa, subiri maji yashuke halafu futa na kitambaa chenye siki kidogo, kisha futa tena na maji. Kama tenki ni la plastiki na sio kioo, usiguse na wembe wala sponji gumu, litabaki na michoro milele.

5. Kunyonya, hapa ndo kazi ilipo. Ndoo iwe chini ya tenki, uzamishe mpira wote ndani mpaka mapovu yaishe, ziba ncha moja kwa dole gumba, itoe nje ielekeze kwenye ndoo, achia. Usivute kwa mdomo, utakunywa kitu ambacho hutakisahau, na maji ya tenki yana vijidudu vinavyoumiza watu pia. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glovu. Sasa chomeka ule mdomo mpana kwenye kokoto mpaka chini, utaona kokoto zinarukaruka ndani ya bomba na wingu la kahawia linapanda linaondoka, zikianza kupanda juu sana bana mpira kidogo zinashuka, sogea sehemu nyingine. Usifanye sakafu nzima siku moja, fanya nusu wiki hii na nusu wiki ijayo. Maji uliyotoa yakifika robo ya tenki, au theluthi kama una samaki wengi, acha hapo hapo hata kama bado unaona uchafu. Najua mkono unakuwasha, acha.

6. Filta. Toa sponji likamulie kwenye ndoo ya maji uliyonyonya sasa hivi, mara mbili tatu, maji yakipita vizuri inatosha. Likibaki la kahawia ndo vizuri, ukahawia huo una bakteria wako. Kulipeleka bombani ndo kosa kubwa kuliko yote. Na yale maandishi ya "badilisha kila mwezi" kwenye boksi ni biashara, sponji linakaa mpaka lianze kuchanika, na ukinunua jipya liweke pamoja na la zamani wiki kadhaa kwanza. Filta usiisafishe siku uliyochimba kokoto sana, pishanisha. Usiizime masaa mengi pia, bakteria wanakosa oksijeni.

7. Rudisha maji taratibu, weka sahani chini umiminie juu yake kokoto zisichimbike. Kama unamimina maji ya bomba moja kwa moja ndani ya tenki, dawa ya kuondoa klorini weka kabla, na upime kwa ujazo wa tenki zima sio wa ndoo. Washa filta, hakikisha inavuta.

Rudia kila wiki. Kuongeza maji yaliyopungua kwa mvuke SIO kubadilisha maji, nitrati na chumvi zote zimebaki humo.

MASWALI YA WADAU

Tenki langu ni jipya, wiki ya pili, maji yamekuwa meupe kama uji. Nimwage?
Usimwage. Hao ni bakteria wanaoelea wamelipuka kwa sababu tenki halijatulia, watapungua wenyewe. Tenki jipya linachukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria wa filta wakae sawa. Punguza chakula, pima amonia kila siku, ikionekana badilisha robo ya maji.

Na kijani? Nabadilisha maji kila siku lakini kesho yake ni kijani tena.
Huo ni mwani mdogo unaoelea, kubadilisha maji hakuuwezi, unazaliana haraka kuliko ndoo yako. Shida ni mwanga na chakula kingi. Tenki litoke dirishani, taa masaa 8 basi. Ukichoka kusubiri kuna taa za UV za kufunga kwenye filta zinaumaliza. Samaki haumdhuru, ni macho yako tu yanaumia.

Mkuu nina bakuli la lita 10 na goldfishi wawili, nisafishe kila baada ya siku ngapi?
Dada, hapo hakuna ratiba itakayokuokoa. Kipimo tunachotumia ni lita 75 kwa goldfishi wa kwanza wa aina ya mviringo, kisha kama 40 kwa kila anayeongezeka, na wale warefu wa kawaida wanafika sentimita 30, hao ni wa bwawani. Kwa sasa badilisha sehemu ya maji kila siku, lisha kidogo sana, na tafuta tenki. Kubwa ni rahisi kusafisha kuliko dogo, watu hawaamini mpaka wajaribu.

Nikiweka yule samaki mnyonya vioo si atanisaidia usafi?
Atakuongezea kinyesi. Anataka maji ya moto kuliko goldfishi, na akikosa mwani anamgeukia mwenzake usiku anamnyonya ule ute. Nunua sponji.

Jirani yangu anaosha lote kila mwezi, tena na sabuni, samaki wake hawafi.
Msalimie. Goldfishi ni mgumu, anaweza kuteseka muda mrefu kabla ya kufa. Muulize ana samaki wa miaka mingapi, goldfishi anayetunzwa anapita miaka 10 bila shida.

Tenki langu halijaguswa miezi mitano, nimeona aibu nataka kulisafisha leo leo.
Pole pole kiongozi, hili ndo swali la hatari kuliko yote. Maji yakikaa hivyo asidi inapanda, na kwenye asidi amonia inakaa katika hali isiyo na sumu sana. Ukimimina maji mengi mapya asidi inashuka ghafla, ile amonia inageuka sumu kali papo hapo, watu wanasema maji mapya yameua kumbe ni ya zamani. Anza na asilimia 10 kila baada ya siku moja, wiki mbili tatu hivi, ndo uingie kwenye ratiba ya kawaida. Kokoto gusa kidogo kidogo, filta usiiguse kabisa mwanzoni isipokuwa imeziba.

Nasafiri wiki mbili, nani atasafisha?
Badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka, kamulia sponji siku kadhaa kabla ya hapo. Mtu mzima wa goldfishi anakaa wiki nzima bila kula na hana shida, kwa wiki mbili mtafute mtu wa kuja mara chache. Mfungie kila mlo kwenye kikaratasi chake, kimoja kwa kila siku atakayokuja, mengine yote ya chakula funga kabatini uondoke na funguo, maana yule samaki atamwangalia kwa njaa ya uongo na mtu wako atamwaga kopo zima.