Kuchora grafu ya kipeuo cha tatu cha namba hasi

Ukichora grafu ya x^(1/3) katika Mathematica, programu ya hisabati, kuanzia −8 hadi 8, utaona tawi la kulia peke yake, ingawa sote tulifundishwa kwamba kipeuo cha tatu cha −8 ni −2. Programu haijakosea. Katika namba changamano (zinazojumuisha i, kipeuo cha pili cha −1), −8 ina vipeuo vya tatu vitatu, na programu huchagua kile kikuu, yaani takriban 1 + 1.732i, ambacho si namba halisi na hivyo hakina mahali pa kukaa kwenye mchoro. MATLAB, programu nyingine ya hesabu, yahitaji hadhari zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa hutoa onyo tu, huitupa sehemu isiyo halisi, kisha huchora mstari wa uongo unaopita kwenye nukta (−8, 1).

Dawa ni kuomba kipeuo halisi waziwazi: CubeRoot[x] au Surd[x, 3] katika Mathematica, nthroot(x, 3) katika MATLAB, na np.cbrt(x) katika NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ambako x**(1/3) hurudisha nan (yaani “si namba”) kwa namba hasi. Kwa kipeo kama 2/3, tafuta kwanza kipeuo halisi cha tatu, ndipo ukizidishe chenyewe kwa chenyewe: Surd[x, 3]^2. Rahisisha sehemu mapema, kwani 2/6 ni 1/3 tu, na uhakikishe kwamba asili yake, yaani namba ya chini, ni namba witiri. Ikiwa ni shufwa, kama katika 3/4, upande wa namba hasi hauna thamani halisi, na mchoro unaoishia kwenye sifuri ndio sahihi.