Kuotesha mvule Kigoma: kuanzia tunda hadi shambani

Mvule (Milicia excelsa) unaota bila shida. Kinachoumaliza ni kidudu cha vinundu, kinachovimbisha chipukizi changa, pamoja na mazoea ya kuupanda peke yake mstari kwa mstari kama msaji. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeuweka kwenye kundi la miti inayokaribia hatari, na mbao zake zinatafutwa kila mahali, kwa hiyo kila mche ni wa kulindwa.

1. Tambua jike na dume
Mvule una mti dume na mti jike. Dume huning'iniza mikia myeupe, myembamba, yenye sm 15 hivi au zaidi. Maua ya jike ni mafupi, manene, ya kijani, na tunda lake ni kama forosadi kubwa yenye sm 5 hadi 7. Usikubali dume likatwe eti kwa sababu halizai: bila chavua yake, majike ya jirani hayana kazi.

2. Okota matunda
Angalia popo kuliko kalenda. Wakianza kugombania mti usiku, matunda yameiva. Tandika turubai jioni, okota asubuhi yale laini yaliyoanguka yenyewe. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, huko usiokote; tumia miti ya mashambani na kandokando ya mito, kwa ruhusa ya mwenyewe.

3. Toa mbegu
Loweka matunda usiku mmoja, yaponde kwa mikono, kisha chuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu kisicho na dawa. Mbegu ina mm 2 tu, hivyo kichungio cha nazi kitaipitisha. Rudishia maji mara tatu au nne: mbegu nzuri huzama, mapepe huelea. Anika kivulini siku 2 au 3, kisha uzisie bila kuchelewa. Kwenye joto la Ujiji mbegu iliyowekwa kabatini huchoka ndani ya miezi michache.

4. Sia
Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, nyunyiza kwenye tuta laini, funika kwa udongo wa mm 3 hivi. Tandaza nyasi kavu na mwagilia juu yake. Ukimwaga maji kwa ndoo, mbegu zote zitahamia pembeni. Wiki ya pili au ya tatu zinachomoza. Ondoa nyasi jioni, weka kichanja cha makuti ya mchikichi kwa ajili ya kivuli.

Jani la mche lina meno pembeni na linakwaruza, wakati la mti mzima halina meno. Wengi hung'oa miche wakidhani ni magugu.

5. Hamishia kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche)
Mche ukiwa na majani 2 hadi 4, shika jani, kamwe usishike shina. Jaza viriba kwa mchanganyiko wa udongo wa msituni sehemu 3, samadi iliyooza 1, mchanga 1.

6. Vinundu: hapa ndipo miche mingi hufia
Mdudu wa jenasi ya Phytolyma hutaga kwenye chipukizi changa. Mtoto wake hujichimbia ndani, na mmea unamfunika kwa kinundu cha kijani. Ndiyo maana dawa ya kupulizia haimfikii. Kinundu kikipasuka wadudu wazima huruka, kuvu huingia kwenye kidonda, na ncha huoza kushuka hadi kwenye sehemu ngumu ya shina.

Kagua kitalu kila siku ya pili au ya tatu. Kata kinundu kingali kimefumba, ukichome moto; kukitupa pembeni ya kitalu ni kukifuga. Kama kimeshapasuka, kata chini ya sehemu iliyooza kwa kisu safi, kisha acha chipukizi moja tu iongoze.

7. Panda shambani
Punguza makuti kidogokidogo mwezi wa mwisho. Mche ufike sm 30 au 40, na mvua za Novemba ziwe zimelowesha udongo hadi chini. Chimba shimo la sm 45, panda mita 10 au zaidi kati ya mvule na mvule, ukichanganya na migomba, michikichi au miti mingine. Kivuli chepesi na umbali huo humpa mdudu kazi ya kuutafuta mche.

Mbuzi akiula au moto ukiupitia, usiung'oe. Ukate juu kidogo ya ardhi, usubiri mvua: kisiki cha mvule huchipua. Ukiona machipukizi yamefika sm 20, bakiza lililonyooka zaidi.