Miguu Iliyojaa Maji: Namna ya Kuituliza Nyumbani, na Inapobidi Kwenda Hospitali

Mwenye duka anayesimama kutwa nzima, sawa na abiria anayeketi kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, hufika jioni viatu vikiwa vimembana na soksi zimeacha mfereji juu ya kifundo cha mguu. Kabla ya kutafuta dawa yoyote, hakikisha kwanza kwamba kilichojaa ni maji. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, kiasi cha upana wa vidole vinne kutoka kwenye kifundo, ushikilie kwa sekunde tano hadi kumi, kisha uachie. Kikibaki kishimo kinachojaa polepole, kama donge la unga wa chapati lililobonyezwa, hapo pana maji chini ya ngozi. Kishimo kisipobaki, na ngozi ikawa imekuwa nene na ngumu, tatizo laweza kuwa jingine, yakiwamo matende, ambayo watu wa pwani wanayafahamu vizuri na ambayo yana matunzo yake.

Wengi hudhani kwamba maji hayo ni yale waliyokunywa yakateremka hadi miguuni, na kwa sababu hiyo hujinyima maji ya kunywa bila kupata nafuu yoyote. Ukweli ni kwamba ni maji ya damu yanayochuja kupitia kuta za mishipa midogo na kubaki kwenye nyama. Damu iliyofika miguuni hupanda kurudi moyoni kwa msaada wa shavu la mguu: kila unapopiga hatua, misuli hukaza, hubana mishipa ya vena, na vali ndogo zilizomo ndani ya mishipa hiyo huzuia damu isirudi chini. Ukisimama tuli au ukiketi kwa saa nyingi, pampu hiyo hulala, damu hutuama, na maji huanza kuchuja. Joto huzidisha hali hiyo kwa kuwa hupanua mishipa, chumvi nyingi huufanya mwili ushikilie maji, na mimba iliyokua hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuinua miguu, na hapa ndipo watu hukosea. Kuketi kwenye kochi na kutanguliza miguu juu ya stuli hakutoshi, kwa sababu miguu bado iko chini ya moyo. Lala chali kitandani au mkekani, weka mito miwili au blanketi lililokunjwa chini ya mashavu ya miguu hadi nyayo ziwe juu kuliko kifua, na ukae hivyo dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku. Anayeamka asubuhi miguu ikiwa bado mizito anaweza kuweka tofali chini ya kila tendegu la upande wa miguuni, ili kitanda kiinuke kidogo usiku kucha. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali; alale ubavu, hasa wa kushoto. Na mtu anayekosa pumzi akilala asijilazimishe hata kidogo, kwani dalili hiyo peke yake inatosha kumpeleka kwa daktari.

Tiba ya pili ni kuiamsha ile pampu. Ukiwa kwenye basi, nyanyua visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha nyanyua vidole huku visigino vimetulia, mara ishirini au thelathini kila baada ya nusu saa, na basi likisimama, shuka utembee, hata kama huna haja ya kununua kitu. Anayesimama kazini naye asimame kwa ncha za vidole na kushuka, mara kadhaa kila saa.

Chumvi inahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu hujificha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi yote, pamoja na ile ambayo mpishi hakuitia kwa mkono wake. Papa mkavu, ng'onda, achari, vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, chipsi za barabarani na mkate wa dukani, vyote vinahesabiwa. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi nayo yana sodiamu, yaani kile kile kilichomo kwenye chumvi kinachoshikilia maji, hata kama ulimi hauonji chumvi. Ni afadhali kuyaloweka maharage usiku kucha, kumlowesha papa na kumwaga maji yake mara mbili, na kuacha ndimu, ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu vifanye kazi ya kuleta ladha. Mwenye ugonjwa wa figo asinunue chumvi mbadala bila ushauri, kwa kuwa nyingi zina potasiamu, na potasiamu ikizidi inaweza kuuvuruga moyo.

Soksi maalumu za kubana husaidia sana, ila zivaliwe asubuhi kabla ya miguu kugusa sakafu, kwani ukingoja hadi jioni utakuwa unafungia maji ndani. Zisikunjwe juu, maana mkunjo hubana kama kamba. Mwenye kisukari, au mwenye nyayo baridi na maumivu ya shavu la mguu anapotembea, asizivae kabla ya kupimwa mzunguko wa damu. Kuhusu beseni la maji moto yenye chumvi, ambalo kila jirani atakushauri, linaweza kuburudisha miguu iliyochoka, lakini halivuti maji kutoka ndani ya ngozi, na aliye na ganzi miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Nilichojifunza kwa uchungu ni kuhusu vidonge vya kukojoza. Mama yangu, ambaye hutumia amlodipine kwa ajili ya presha, aliuziwa vidonge hivyo kwenye duka la dawa bila kupimwa. Alikojoa siku mbili, akakazwa na misuli, akaanguka alipoinuka kwenda msalani, na miguu ikabaki kama ilivyokuwa. Baadaye daktari alitueleza kwamba amlodipine yenyewe inaweza kuvimbisha miguu kwa kupanua mishipa midogo, na uvimbe wa namna hiyo hausikii sana dawa za kukojoza. Alibadilisha dozi, na baada ya wiki chache kandambili zake zikamtosha tena. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, pamoja na prednisolone, dawa ambayo hutumika kwa pumu na mzio, nazo huweza kuleta uvimbe. Hata hivyo, usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe.

Uvimbe mwingine si wa kutuliza nyumbani. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiuchue wala usiukande, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kifua kikibana au pumzi ikikatika usingoje hata saa moja. Mjamzito aliyepita wiki 20, ambaye uso na mikono imevimba, kichwa kinamuuma sana au macho yanaona ukungu, apimwe presha na mkojo mara moja, kwa kuwa presha ya 140/90 au zaidi inaweza kuwa mwanzo wa safari ya kuelekea kifafa cha mimba. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoandamana na uchovu, kukosa pumzi, mkojo wenye povu, macho kuvimba asubuhi au tumbo kujaa, huelekeza kwenye moyo, figo au ini. Ndugu wakisema mgonjwa amekanyaga kitu, yaani amerogwa, wasikilizwe kwa heshima, lakini vipimo vifanyike kwanza.

Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa moyo ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, kisha aandike, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kilo mbili zilizoongezeka ndani ya siku tatu haziwezi kuwa mafuta. Daftari hilo liende kliniki pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba. Na kwa kuwa kliniki nyingi ni za asubuhi, wakati ambao miguu imekwisha kupungua kwa kulala, bonyeza muundi jioni ya kuamkia siku hiyo na upige picha ya kishimo kwa simu, ili daktari auone mguu ule unaokusumbua.