Kumeza baada ya mionzi ya shingo: jinsi ya kulinda mapafu

Matibabu ya mionzi yakiisha, misuli ya koo huendelea kukakamaa taratibu na mate hupungua. Ndiyo maana mtu aliyepona saratani ya koo, ulimi au zoloto (kisanduku cha sauti) anaweza kuanza kupaliwa miaka kadhaa baadaye. Wengine hawakohoi kabisa: koo limekufa ganzi, chai inateremka mapafuni kimyakimya. Usikitegemee kikohozi. Baada ya funda, mwambie mgonjwa aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, kuna kitu kimebaki juu ya nyuzi za sauti. Akohoe, ameze tena, ndipo apewe kijiko kingine.

Akae wima kitini, si kuegemea mto kitandani. Tumia kijiko cha chai, na kila kijiko akimeze mara mbili. Televisheni izimwe, maongezi yangoje. Akishakula abaki amekaa angalau nusu saa. Kuinamisha kidevu husaidia baadhi ya watu tu, kwa hiyo apimwe kwanza na mtaalamu wa umezaji, ikiwezekana kwa eksirei ya video.

Maji matupu ndiyo mkorofi mkuu, maana hukimbia kabla koo halijajifunga. Ugali na wali mkavu, kinyume chake, hukwama kwa kukosa mate. Supu yenye vipande vya nyama ina matatizo yote mawili kwa mpigo. Mtori uliosagwa laini ni salama zaidi kwa wengi.

Kama mtaalamu ameagiza vinywaji vizito, pima uzito wake kwa bomba la sindano la mililita 10, ambalo mistari yake ya 0 hadi 10 ina urefu wa milimita 61.5. Toa mtambo wa kusukumia, ziba ncha kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Zikibaki mililita 4 hadi 8, huo ni uzito wa kiwango cha 2 katika IDDSI, mizani ya kimataifa ya uzito wa vinywaji na vyakula. Zikizidi 8 bila kuacha kutiririka, ni kiwango cha 3. Pima ukiwa na joto lile lile atakalounywea, kwa sababu uji ukipoa huganda. Usizidishe uzito kwa hofu: kizito kikiingia pafuni ni kigumu kukohoa, na mgonjwa hunywa kidogo hadi akapungukiwa maji.

Nimonia yenyewe, yaani maambukizi ya mapafu yanayofuata kupaliwa, huletwa zaidi na bakteria wa mdomoni wanaoshuka na mate. Kwa maoni yetu mswaki ni dawa inayopuuzwa kuliko zote. Apige mswaki laini kila baada ya mlo na kabla ya kulala; meno ya bandia yatolewe usiku. Asiyeweza kusukutua bila kupaliwa, mfute kwa shashi yenye unyevu. Anayelishwa kwa mpira wa tumboni pia ahudumiwe hivyo, kwani mate bado anayameza, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulishwa.

Homa ya 38 au zaidi, makohozi ya kijani, kupumua zaidi ya mara 24 kwa dakika akiwa ametulia, au kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyo hiyo. Mweleze daktari kwamba alipigwa mionzi shingoni na anapaliwa. Bila taarifa hiyo, kikohozi kinachojirudia huweza kudhaniwa ni kifua kikuu, na chanzo kikaachwa palepale.